Mtoto wangu ameacha kusoma kwa kukatakata maneno

Hapa Bukavu, mtoto wangu wa darasa la tatu alikuwa anasoma silabi moja moja: sa-mba-za, yaani sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo ameshausahau. Kumwongezea kurasa hakukusaidia, wala kumsahihisha kila neno.

Kilichosaidia ni aya moja fupi, ile ile kwa siku kadhaa. Kwanza namsomea, kisha tunasoma pamoja kwa sauti, halafu anasoma peke yake. Lakini kilichobadilisha mambo hasa ni kalamu ya risasi: natia vistari vidogo pale pa kupumua. «Mama ameenda Kadutu / kununua sambaza / za chakula cha jioni.» Jicho likaanza kushika fungu zima la maneno. Akizoea, navifuta. Sasa anamsomea bibi yake, kisha anamsimulia alichosoma.