Siku Moja Maishani Mwangu: Kupiga Picha Katika Msitu wa Mwanihana

Saa 10 na nusu alfajiri. Perere ananiamsha kabla ya simu. Mlio wake huanza kama bawaba ya mlango mkavu, kisha hupanda hatua kwa hatua hadi ukawa ukelele, na mtu asiyeuzoea huona shida kuamini kwamba unatoka kwa mnyama mwenye ukubwa wa sungura. Chumba nilichopanga kipo Mang'ula, kando ya barabara iendayo Ifakara. Ukitoka mlangoni na kuinua uso unaukuta mlima umeanzia pale pale, kwa kuwa Milima ya Udzungwa huinuka kutoka takriban mita 250 katika bonde la Kilombero hadi zaidi ya mita 2,500, na upande huu wa mashariki umefunikwa na msitu wa Mwanihana tangu chini kwenye mashamba ya miwa hadi juu kwenye mawingu.

Nafungua sanduku lisilopitisha hewa, ambamo kamera mbili na lenzi zake hulala pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Adui wa kwanza wa mpiga picha wa misitu ya mvua ni kuvu, ambayo huota juu ya kioo ndani ya lenzi na kuutafuna utando wake polepole. Nilipoteza lenzi moja kwa njia hiyo katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na tangu hapo sijalala usiku hata mmoja kabla ya kukausha vifaa.

Saa 12 kasorobo nipo Sanje, ambako mzee anayeniongoza ananisubiri akiwa tayari amechomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mvua ya jana imetufaa. Leo twende kimya, tusikilize kwanza."

Maneno hayo huyasema karibu kila siku, nami nimekuja kuyaelewa kwa kuchelewa. Nilipoanza kazi hii nilidhani kwamba mpiga picha huingia msituni na macho. Katika mbuga kama Mikumi jambo hilo ni kweli, kwa maana mnyama huonekana akiwa mbali na mtu hupata muda wa kujipanga, lakini hapa jicho huishia kwenye ukuta wa majani hatua 10 mbele, na karibu kila picha nzuri niliyowahi kupata ilianza kwa sauti ambayo mzee huyu aliitambua kabla yangu.

Saa 1 na nusu asubuhi tumesimama kwenye mteremko, na kutoka ng'ambo ya kijito unasikika mlio mmoja mzito, kisha kimya cha sekunde chache, kisha mgumio mrefu unaoviringika. Mzee ananyoosha kidole. "Ngolaga," asema. Huyo ndiye mangabei wa Sanje, nyani wa kijivu mwenye uso wa rangi ya waridi, ambaye duniani kote anaishi katika misitu miwili tu, huu wa Mwanihana na ule wa Uzungwa Scarp ulio kusini yake. Sayansi ilimfahamu mwaka 1979, na ilimfahamu kwa sikio. Mtafiti Katherine Homewood, ambaye alikuwa amewachunguza mangabei wa Mto Tana nchini Kenya, alikuwa huku pamoja na Alan Rodgers aliposikia mgumio huo na kushtuka, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mangabei katika milima hii. Msaidizi wao Mtanzania hakushtuka. Alilitaja jina la mnyama, kama mzee alivyolitaja leo, kwa sababu wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Kila ninapoandika maelezo ya picha ya mnyama huyu huliweka jina la ngolaga mbele ya lile la Kilatini.

Saa 3 hadi saa 5 ndio moyo wa siku. Tumelifikia kundi, ambalo kwa miaka mingi limezoeshwa watu na watafiti, na sote tumevaa barakoa, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua nyani. Mangabei hutumia muda mwingi chini, wakipekua majani makavu kutafuta mbegu, uyoga na wadudu, na jambo hilo ni baraka na mtihani kwa mpiga picha: ni baraka kwa sababu sihitaji kumtazama mnyama kutoka chini akiwa kivuli mbele ya anga jeupe, ni mtihani kwa sababu sakafu ya msitu hupata sehemu ndogo mno ya mwanga unaoangukia vilele vya miti. Kwa lenzi ya milimita 400 ningependa shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya kasi ya 1/400 ya sekunde, lakini leo, pamoja na ISO 6400, ambayo huifanya kamera ihisi hata mwanga hafifu, na tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, napata 1/125 tu. Hivyo naegemea shina la mkuyu, nashusha pumzi, na kungoja ule mtuo mfupi ambao mnyama hufanya kati ya kupekua na kutafuna. Hapo ndipo picha ilipo. Mwendo wake wote mwingine huwa ukungu wa kijivu.

Jike mmoja anaketi hatua kama 8 kutoka kwetu, mtoto akiwa amejishika tumboni mwake. Doa la jua limepenya mwavuli wa miti na linasogea polepole kuelekea mkono wake. Naweza kuvunja tawi lililo mbele ya lenzi ili fremu iwe safi, nami najua wapo wanaofanya hivyo, lakini silivunji. Nainama, nalala kifudifudi juu ya majani yaliyolowa, na kutoka huko chini tawi linaondoka lenyewe. Doa la jua linafika kwenye vidole vya mtoto na kukaa hapo muda wa fremu sita. Halafu dume anaguma tena, kundi zima linasogea, nasi hatuwafuati.

Saa 6 mchana joto limepanda na msitu umenyamaza, isipokuwa nyenje. Tunakula wali wa Kilombero na maharage kwenye mwamba karibu na maji, nasi hatupigi picha yoyote kwa muda wa saa mbili.

Saa 8 mzee anainua mkono. Nasikia mchakato mdogo wa majani, kisha kimya, kisha mchakato tena. Ni sange uso-kijivu, mnyama wa gramu 700 hivi, mwenye pua ndefu inayopinda kila upande na makalio meusi ti. Huyu hakujulikana kwa sayansi hadi mwaka 2005, alipojipiga picha mwenyewe kwa kupita mbele ya kamera ya kutega, na jina lake rasmi lilichapishwa mwaka 2008. Mwenzake katika historia ni kwale wa Udzungwa, ambaye mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walianza kumshuku baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya mchuzi kambini, na baadaye ikathibitika kwamba jamaa zake wa karibu wanaishi Asia. Mambo haya mawili hunifikirisha sana ninapokaa hapa na vifaa vya gharama kubwa. Sange wa leo anapita kati ya mizizi miwili, nami napata fremu moja iliyoshika fokasi kwenye jicho. Mzee anaitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. "Hata ndevu zake zinaonekana," asema, na kwangu hilo ni zaidi ya malipo.

Saa 10 alasiri mvua inashuka. Tunafunika vifaa kwa plastiki na kuteremka taratibu.

Saa 2 usiku, kwa kibali na pamoja na askari wa hifadhi, tumerudi ukingoni mwa msitu kutafuta vyura. Hapa sauti ni kila kitu, kwa maana tunamtafuta chura mdogo mno, wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Nectophrynoides, ambaye mlio wake ni kama msumari unaogongwa mara moja kwenye chuma. Vyura hao hawatagi mayai majini, bali majike huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Tunatulia, tunazima taa, tunausikia mlio mmoja kushoto, na baada ya nusu saa tunampata juu ya jani, akiwa kwenye kimo cha kiuno. Naweka kitambaa cheupe mbele ya flashi ili mwanga uwe laini, napiga fremu tano, kisha namwacha.

Jamaa yake ni chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko upande wa kusini wa milima hii hii. Maji ya maporomoko yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Alisalimika kwa sababu vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kulelewa huko, na tangu mwaka 2012 wazao wao wamekuwa wakirudishwa Kihansi. Ndiyo maana siwezi kumpiga picha chura wa milima hii kwa haraka.

Saa 5 usiku nipo mezani. Nimepiga fremu 340, nami nabakiza 11. Kabla ya kuhifadhi nafuta alama za mahali zilizoandikwa ndani ya kila faili, kwa sababu mwindaji naye anajua kutumia simu. Kisha naandika maelezo: jina la kienyeji, jina la Kiswahili, jina la Kilatini, msitu, tarehe. Jarida moja la ng'ambo liliwahi kuchapisha picha yangu ya ngolaga kwa maelezo ya maneno mawili tu, "nyani, Afrika", na uchungu ule bado ninao. Tangu siku hiyo sitoi picha bila makubaliano kwamba maelezo yatachapishwa yote. Fremu ya sange naiweka katika folda ya peke yake, nitakayochapisha kwenye karatasi Ifakara Jumamosi, kwa ajili ya ukuta wa mzee.

Betri zinachajiwa, vifuko vya silika vimerudi sandukuni. Juu mlimani perere ameanza tena.