Karatasi moja na kichwa cha dagaa: nilivyofundisha maisha ya sisimizi

Nafundisha shule ya msingi hapa Mwanza, na mada ya wadudu naipenda kuliko zote. Ndiyo maana niliudhika kila niliyemwomba ushauri aliponijibu yaleyale: kamata sisimizi, watie kwenye chupa yenye udongo, weka mezani. Ushauri huo sitaki kuusikia tena! Ukizoa sisimizi njiani umezoa vibarua watupu. Malkia na mayai wako chini ardhini. Bila malkia wala watoto wa kulea, mwanafunzi ataona wadudu wanaohangaikia pa kutokea, basi.

Tukawafuata kwao. Nyuma ya darasa kuna mawe makubwa, kama ilivyo kila kona ya mji huu, na kwenye ufa mmoja wana kiota. Nendeni asubuhi; saa sita jiwe linaunguza.

Kwanza niliwauliza watoto nani anawaamuru sisimizi. Darasa zima: "Malkia!" Sikubisha. Nikachagua upenyo mwembamba kati ya mawe mawili, nikatandika karatasi ya daftari iliyoziba njia yote. Ikate mraba, utaona kwa nini. Ng'ambo nikaweka kichwa cha dagaa (wa mia tano wanatosha wiki nzima), kokoto kwenye pembe, maana upepo wa ziwani hauna adabu.

Sisimizi mmoja akakiona, akarudi mbio. Baada ya muda msururu ukapita katikati ya karatasi, wengine wakienda, wengine wakirudi na vipande. Hapo nikaigeuza karatasi robo mzunguko.

Laiti mngeona! Waliotoka kiotoni walifika ukingoni wakasimama, wakapapasa kwa vipapasio, wakazunguka. Waliokuwa juu ya karatasi waliendelea na mstari wao uleule, ambao sasa uliishia kwenye jiwe tupu. "Mwalimu, wamepotea!" Binti mmoja akasema taratibu, "Kumbe malkia hajui." Nilitamani kumbeba.

Anayepata chakula huacha harufu njiani akirudi, na kila anayefuata akafanikiwa huongeza yake. Njia isiyoongezewa hufifia. Malkia kazi yake ni kutaga. Vibarua wote ni majike. Kwa kawaida wadogo kwa umri hulea ndani, wakubwa hutoka kutafuta. Tulipokuwa bado tunabishana, wachache waliotangatanga walimfikia dagaa na msururu mpya ukaanza.

Sukari nayo inafaa, ila dagaa huwaonyesha watoto sisimizi wengi wakivuta mzigo mmoja. Siafu msiwaguse kabisa. Sisimizi waitwao maji moto, wa kwenye mwembe, tuliwatazama kwa mbali: wanavuta majani kwa pamoja, kisha wengine wanashika watoto wao mdomoni na kushonea majani kwa uzi unaotoka kwa watoto hao. Kwa somo hilo tafuta kiota kipya kinachojengwa, kwa sababu kilichokwisha hakionyeshi ushonaji.