Nyayo Zilizogeuka

Tuliondoka Bagamoyo saa kumi na moja alfajiri, watatu: mimi, shemeji yangu, na dereva wa Makurunge ambaye mdomo wake haukupumzika hata tulipokwama. Tulikwama mara mbili. Udongo mweusi wa kule ukilowa hauna utani, na usiku mvua ilikuwa imepita. Kufika Mto Wami, vitumbua vyote vilishakwisha.

Safari ilikuwa ya Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Nilitaka kutembea kwa miguu, maana ukiwa ndani ya gari mnyama anakuwa kama picha. Tukapewa askari mwenye bunduki, mtu mzima, mpole. Shemeji akamwamkia, "Shikamoo mjomba," na tangu hapo akawa mjomba wetu sote.

Tulikwenda kama nusu saa kabla mjomba hajainua mkono. Tai walikuwa juu ya mgunga, wamekaa tu. Tai aliyeshiba hukaa hivyo, akasema, na anayesubiri vilevile.

Chini ya mti alilala kuro jike, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, lile duara jeupe la makalioni limechafuka tope. Hakuwa na tundu la risasi wala alama ya jino. Shingoni waya ulikuwa umezama mpaka manyoya yameufunika. Ardhi kumzunguka ilikuwa imechimbuliwa kwa kwato, mviringo kamili, kama pale mbuzi anaposhinda kwenye kigingi. Mjomba akachutama, akaukata kwa koleo, akaupitisha vidoleni. Vidole vikatoka na masizi. "Wa tairi," akasema. Huchoma tairi kuukuu wakachukua nyuzi za chuma zilizomo ndani.

"Sasa mbona nyama yote ipo?" shemeji akauliza.

Kweli, aliyetega hakuchukua hata paja. Mjomba akatuonyesha nyayo za kandambili. Zilitoka upande wa mto, zikafika kama hatua kumi kutoka kwa mnyama, zikasimama, zikageuka. Dereva akashika hatamu ya maelezo: jamaa kasikia gari la doria, kakimbia. Mjomba akatikisa kichwa. Hatua za kurudi zilikuwa fupi zilezile, za mtu asiye na haraka. Yeye alidhani jamaa alitarajia swala au ngiri, akakuta kuro, ambaye ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu kali na nyama yake wengi hawaitaki. Akamwacha. Kama kuro alikuwa hai bado, nyayo hazikusema.

Hilo ndilo lililonikaa. Sitajifanya mtakatifu; babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore, na utotoni nyamapori nimeila sana. Tena Saadani yenyewe, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ilikuwa pori la akiba, yaani aina ya hifadhi ambamo uwindaji wa kibali huweza kuruhusiwa. Leo ndani yake hawindi mtu yeyote, lakini kwenye vitalu vya uwindaji mwenye fedha hukata kibali akapiga nyati wake kihalali, huku mwanakijiji aliyekutwa na paja la swala analala mahabusu. Hilo linaniudhi mpaka kesho. Ila babu akimjeruhi mnyama alimfuata, hata siku mbili, na akirudi mikono mitupu nyumba nzima ilijua kutomsemesha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza mitego ya nyaya, na inakataza kuua jike mwenye mimba au mwenye ndama. Waya utajuaje mimba? Mjomba alimpapasa kuro tumboni, akanyamaza, akajifuta mkono kwenye majani. Hatukuuliza.

Tuliporudi garini akautoa tena ule waya mfukoni. Fundo lake lilikuwa zima: mizunguko kadhaa, kisha ncha imepitishwa katikati na kukazwa. "Hivi ndivyo wavuvi wanavyofunga ndoana," akasema, akampa dereva alitazame, yeye mtu wa huku.

Dereva akaligeuza, akaligeuza tena, akamrudishia. Kutoka pale hadi Makurunge hakusema neno.