Kiwavi mweupe kama maziwa

Jana nilipangua chanja zote za mbegu ghalani. Magunia matatu ya viazi mviringo niliyoyachagua kwa mkono, moja na nusu limekwisha. Kwenye macho ya kiazi unakuta vipunje vyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Hicho ni kinyesi cha kiwavi. Ukipasua, ndani ni njia tupu. Nondo wa viazi huyo. Anataga machoni usiku, na ghala la bati lenye joto linampendeza sana.

Mzee jirani akaniambia, "Mwanangu, nyunyiza sumu, yaishe." Sikukubali. Ukuta wa ghala ndio huohuo wa chumba wanacholala wanangu.

Nondo huyu asili yake ni Amerika Kusini, na ana ugonjwa wake, kirusi kisichomdhuru binadamu, kuku wala nyuki. Peru, watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichopo Lima walikigeuza kuwa dawa ya mbegu ambayo mkulima anaielewa: viwavi 20 wagonjwa wanasagwa na maji, wanachanganywa na kilo moja ya unga wa talki (jiwe laini lililosagwa), kisha unakaushwa kivulini. Kilo 5 za unga huo zinatosha tani nzima. Gunia langu la kilo 100 linahitaji nusu kilo tu! Kiwavi aliyetoka kuanguliwa anaumeza akianza kutoboa ganda. Tumboni, gamba la protini linalokifunika kirusi linayeyuka, ugonjwa unaenea, na baada ya wiki mbili tatu anakuwa mweupe kama maziwa, analegea, anakufa.

Lazima upakwe mapema, maana aliyekwisha kujichimbia ndani ya kiazi humpati. Jua nalo hukiua kirusi upesi, kwa hiyo mahali pake hasa ni ghalani, gizani. Bakajani na vidukari hakiviwezi, tusikitwishe mzigo usio wake.

Sasa sikilizeni. Katika viwavi niliowatoa jana, wengi walikuwa na ile rangi ya kijivu yenye wekundu kwa mbali. Watatu walikuwa weupe pepe, hata nilipowagusa kwa kijiti hawakujikunja. Nimewaweka kwenye kichupa safi, kiko kwenye friji. Jumatatu nawapeleka Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wakapimwe.