Njia mbili za pembesita

Leo, katika kipindi cha hisabati cha Darasa la Saba, niliwaita wanafunzi wawili waliotafuta jumla ya pembe za ndani za pembesita kwa njia tofauti, nikawaomba waziandike ubaoni sambamba, bila kufuta chochote. Mmoja alichora mistari kutoka kona moja hadi kona nyingine, akapata pembetatu 4, yaani nyuzi 180 mara 4, ambazo ni nyuzi 720. Mwenzake aliweka nukta katikati, akaiunganisha na kila kona, akapata pembetatu 6 zenye jumla ya nyuzi 1080, kisha akatoa 360, akabaki na 720 zilezile.

Niliuliza swali moja tu: hizo 360 zimetoka wapi, na kwa nini njia ya kwanza haikuzihitaji? Darasa lilinyamaza, hadi binti mmoja wa dawati la nyuma alipokuja mbele, akachora duara dogo kuizunguka ile nukta, akaeleza kwamba pembe zilizokutana pale si pembe za umbo lenyewe.

Naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyelinganisha njia mbili huielewa kanuni kuliko aliyeikariri. Kesho tutachukua umbo la pande 7, na kila mmoja ataeleza anachagua njia ipi, na kwa sababu gani, kabla ya kukokotoa.