Siku moja na matarumbeta ya begani

Saa 1 asubuhi. Bendi yetu hupiga muziki wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kwa ala za enzi ile. Natia mafuta vali, milango ya hewa inayobadilisha noti, za korneti ya E-flati, tarumbeta ndogo. Ni vali za kuzunguka, na zikikauka usiku hugoma. Baada ya hapo mazoezi ya midomo kidogo, basi.

Saa 3. Kazi yenyewe iko hapa. Bendi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) mara nyingi zilipiga kutoka vitabu vidogo vilivyonakiliwa kwa mkono, kila mpigaji na sauti yake tu. Bendi ya Wamoravian (Wakristo wa Kiprotestanti) wa Salem, North Carolina, iliyofuatana na kikosi cha 26 cha jimbo hilo, iliacha vitabu vya namna hiyo, vyenye polka, waltzi na vipande vya opera. Anayedhani bendi ya jeshi ilikuwa ya gwaride tupu avipitie.

Ninapanga sauti moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Katika polka ya leo, kutoka seti nyingine, sauti ya alto ya pili, ile ya katikati, imepotea, kwa hiyo naitunga mwenyewe, huku nikijizuia nisiipambe. Alto hapo huitikia besi tu: besi "pu", alto "pa". Ujanja wa kisasa ungeonekana kama kiraka chekundu kwenye shuka jeupe.

Saa 8 mchana. Mazoezi. Ala nyingi za enzi ile zilitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko noti ya A ya hezi 440 inayotumika leo kulinganisha ala, hivyo piano ya ukumbini haituhusu. Ngoma za ngozi zimelegea kwa unyevu. Tunazikaza, zinalegea tena.

Saa 11 jioni. Ubishi wetu wa kila onyesho: tukae vipi? Saksihoni za begani, yaani haya matarumbeta yetu, hutoa sauti kwa nyuma, maana bendi ilitangulia na askari wakafuata. Ukumbini, tukiwatazama watu, muziki unaishia kwenye pazia. Wenzangu wanataka tukae ubavu. Mimi nasema tuwape watu mgongo, waisikie kama askari walivyoisikia. Tumekubaliana: mgongo kwa machi mbili, ubavu kwa zilizobaki.

Saa 1 usiku. Onyesho. Kabla ya kugeuka nawaeleza wasikilizaji kwamba mwaka 1862 Bunge la Marekani lilifuta bendi za vikosi vya kujitolea ili kupunguza gharama, likabakiza za brigedi. Wanacheka, bajeti wanaijua.

Saa 3 usiku. Mzee mmoja ananifuata. "Kijana, mbona hampigi kwa nguvu?" Namwonyesha bomba la saksihoni linavyopanuka polepole hadi mwisho, ndiyo maana sauti yake ni nene na laini, haichomi kama ya trampeti. Anaomba apulize. Inatoka hewa tupu. Anakaza midomo, anajaribu tena, nami naendelea kumwaga maji ya pumzi kutoka ala nyingine.