Siku madam alipopiga marufuku "huzuni"

Hii ni ya kidato cha tatu, bweni huko Tanga, kipindi cha Kiswahili baada ya ugali wa mchana yani nusu ya darasa wamelala macho wazi. Madam akaingia na shairi la Amina la Shaaban Robert, lile alilomlilia mkewe, akauliza mshairi ana hisia gani. Darasa zima huzuniii! Akasema haya, hilo neno nimelipiga marufuku, atakayeliandika kwenye insha nakata maksi, na kabla ya insha nataka mpango.

Mpango wake simpo tu, unakunja karatasi katikati, kushoto unanakili maneno ya mshairi, kulia unaandika huyu mtu anafanya nini hapo. Sio anajisikiaje, anafanya nini. Daah tulihangaika, maana sisi tulizoea kuhesabu mizani, nane kwa nane, vina, kibwagizo, unabandika dhamira na ujumbe unafunga daftari.

Sasa kuna jamaa alikuwa anakaa nyuma kabisa, haongeagi, akanyoosha mkono. Madam, mbona huyu hatuambii sisi kitu, anaongea na Amina mwenyewe, "Amina umejitenga", kama vile yupo chumba cha pili anamsikia. Halafu kwa sauti ndogo akasema bibi yake tangu babu afariki anafanya hivyohivyo, akiivisha anamwambia mzee chakula tayari. Hakuna aliyecheka, na lile darasa lilikuwa linacheka kila kitu.

Madam akaandika ubaoni: hoja ya kwanza, anaongea na marehemu. Hapo mikono ikaanza kunyooshwa kila kona, mmoja akasema anamwombea pepo, mwingine akadaka kile kibwagizo kinachorudi rudi kwamba mapenzi waliyofunga hapana wa kufungua, akasema hapa jamaa halii, anabishana na kifo. Hiyo mpaka leo naikubali kuliko zote. Tukavutana iwe hoja ya kwanza au ya mwisho, madam akasema ya mwisho, mtu akifiwa haanzi na ubishi, anaanza kwa kuita jina.

Insha yangu nilipata 14 kwa 20, hitimisho kalizungushia wino mwekundu na pembeni kaandika, "Hapa ulikuwa unajaza karatasi?"